Niliunganisha Picha, Nikamfanya Mtu Mwizi

Mi ndiye niliyekosa. Nalisema hapa mwanzo kabisa, nisije nikazungukazunguka kama kawaida yangu, maana mdomo ninao. Nimemharibia mtu maisha yake. Si kwa panga wala kwa dawa. Kwa wembe na gundi!

Jina langu sitaji. Kwetu ni Ilomba, hapa karibu na mji wa Mbeya. Shule niliacha baba alipofariki, na kazi yote ninayoijua nimejifunza kwa kutazama. Majina ya wenzangu nimeyabadili. Igowole siibadili, maana watu wa Igowole ndio nataka wanisome.

Jamani, sikieni aibu yangu.

Mbeya mjini kuna Mhindi mmoja mwenye ukumbi wa sinema, sisi wafanyakazi tunamwita Seti. Mbali na ukumbi ana lori lenye mashine ya sinema na injini ya umeme. Lori linazunguka vijijini, Makambako, Igowole, mpaka Iringa, linaonyesha picha za sabuni na majani ya chai, na wenye sabuni wanamlipa Seti. Mwendesha mashine na dereva alikuwa Asegelile, Mnyakyusa wa Tukuyu. Mi nilikuwa msaidizi wake, na ndiye niliyeshika kipaza sauti, nawaeleza watu wanachokiona. Kwa kusema, hakuna aliyeniweza!

Asegelile ndiye aliyenitoa sokoni nilikokuwa nabeba mizigo. Alinipa pa kulala, akaninunulia viatu vyangu vya kwanza, akanifundisha mashine. Mtu akimsema vibaya mbele yangu, nampiga kwanza, naelewa baadaye. Ndivyo nilivyo. Ndivyo nilivyokuwa.

Sasa kazi yenyewe.

Filamu zinatufikia zimechoka, zimekatika. Kazi yangu kuziunga. Unakata palipoharibika kwa wembe, unakwangua ukingo, unapaka gundi, unabana kwa vidole mpaka ikauke. Vipande vibovu nilikuwa navitunza kwenye kopo la maziwa. Halafu Seti akanunua kamera ndogo ya kutia ufunguo kama saa, akatuambia tukifika kijijini tuwapige watu sinema mchana. Filamu inapelekwa Nairobi kusafishwa, inarudi kwa posta, na safari inayofuata watu wale wale wanajiona kwenye kitambaa cheupe tunachokitundika. Lo! Watu walikuwa wanakuja kutoka mbali, mgonjwa anabebwa, ili ajione anatembea!

Siku moja, katika kuchezea vipande, nikashika picha ya bibi mmoja wa Makambako, anatazama pembeni. Nikaiunga na picha ya mbuzi anachunwa. Wenzangu wakasema, tazama bibi anavyotamani nyama! Nikabandua, nikauunga uso ule ule na picha ya mtoto mgonjwa kwenye zahanati. Mmoja akasema, masikini bibi, analilia moyoni.

Uso ni ule ule! Na bibi mwenyewe, nakumbuka vizuri, alikuwa anamtafuta kuku wake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikajua basi, mtu akitazama kwenye picha hii, chochote utakachokiunga mbele yake ndicho alichokitazama. Na vipande vikiwa vifupi vifupi moyo wa mtazamaji unakimbia, vikiwa virefu unapumzika. Hakuna aliyenifundisha. Nikajiona bingwa.

Na ukumbini kwa Seti zilikuwa zinakuja zile picha za wapelelezi na majambazi, sisi tunaziita picha za giza. Watu makoti marefu ya mvua, kofia zimeinamishwa machoni. Barabara imelowa. Taa ni moja tu, imewekwa chini au pembeni, basi kivuli cha mtu kinafika ukutani kabla ya mtu mwenyewe. Mistari ya dirisha inamkata usoni, kama vile yuko jela tayari. Na kwa baridi yetu ya Mbeya na ukungu wetu, tuliona kama zimepigwa kwetu! Mi koti nililivaa hata jua likiwaka.

Haya. Tukaenda Igowole.

Mchana ule nilipiga sinema sokoni kama kawaida. Kina mama na vikapu, watoto, fundi baiskeli. Nikampiga sinema pia Zakaria, mwenye hoteli ya chai. Alitoka mlangoni, akatazama juu maana manyunyu yalianza, akatazama huku na huku, akaingiza mkate chini ya koti usilowe, akaondoka mbio. Basi. Ni hicho tu nilichokiona kwa macho yangu.

Zakaria huyo baadaye akatuletea chai kwenye lori. Asegelile akaonja, akatema.

"Hii chai au maji ya kusuuzia sufuria?"

Watu wakacheka. Zakaria hakucheka. Akasema, "Nyie watu wa lori mmezoea. Mnakuja, mnachafua, mnaondoka. Sisi tunabaki hapa."

"Unamwambia nani?" Nilikuwa nimeshamkamata kola! "Unamwambia kaka yangu?"

"Niache, kijana. Mi nimeleta chai, sikuleta ugomvi."

Wakatuachanisha. Mi nikaenda kutundika kitambaa. Jioni watu wameshajaa uwanjani, Asegelile akaja ananong'ona, uso umemshuka. Lenzi haipo! Lile jicho la mashine, bila hilo hakuna picha, ni mwanga mtupu.

"Nani alifika hapa, kaka?"

Akasema, "Yule mtu wa chai alikuwa hapa nyuma ya lori."

Neno moja tu. Mi sikuhitaji la pili.

Nilikimbia hotelini, nikapekua mpaka kwenye unga. Zakaria amesimama, mikono ameinua, anasema, "Tafuta, kijana, tafuta." Sikukuta kitu. Watu wakarudi makwao wanatutukana. Na Mbeya, Seti akamwambia Asegelile mbele yetu sote, "Lenzi ipatikane, ama wewe tafuta kazi kwingine."

Kaka yangu! Mtu aliyenivika viatu!

Hapo ndipo nilipofanya.

Hasira ya mtu mwingine ingepoa. Filamu kwenda Nairobi na kurudi ni majuma mengi, na mi majuma yote hayo niliilea hasira yangu kama mtoto. Nilivaa koti na kofia ndani ya stoo ya Seti. Nikaweka taa chini sakafuni, nikamwomba rafiki ashike kamera, nikapita mbele ya ukuta, nikapata kivuli kirefu kinachonyata. Nikapiga mkono wangu unafungua kasha la lenzi. Nikapiga miguu inakimbia kwenye matope. Nikapeleka yote yasafishwe.

Yaliporudi nikakaa na wembe wangu. Lori letu limesimama Igowole, refu, limetulia. Zakaria anatazama huku na huku. Kasha la lenzi. Zakaria anatazama huku na huku tena, kifupi. Kivuli ukutani. Mkono unafungua kasha. Zakaria anaingiza kitu chini ya koti, na mkate nikaukata, nikaanzia pale ambapo mkono umeshauficha. Miguu inakimbia. Basi. Haifiki hata dakika mbili.

Niliitazama peke yangu, nikasisimka mwili. Ee Kyala, Mungu wangu! Nilijisifu! Nilijiambia, we kijana wa Ilomba, umetengeneza picha kama za ukumbini!

Seti akatuazima lenzi ya ukumbini huku akiingojea ile yake ipatikane, tukarudi Igowole.

Uwanja ulijaa. Si mnajua, walikuja kujiona. Zakaria naye alikuja, amevaa shati jeupe limepigwa pasi, amekaa na mke wake na watoto, na pembeni amemkalisha mama mkwe wake, mama mtu mzima aliyejifunga mgolole, shuka yake ya heshima, vizuri, hajawahi kuona sinema hata mara moja. Nilimsikia akimwambia, "Subiri, mama, utaniona na mimi." Nilimsikia kwa masikio yangu, na bado nikaendelea!

Kina mama na vikapu wakatokea, uwanja ukalipuka. "Yule mi! Yule mi!" Fundi baiskeli akatokea, wakampigia makofi. Mi kwenye kipaza sauti nachekesha watu.

Halafu ikaja yangu. Nikaweka kipaza sauti chini. Sikusema neno mwizi. Sikutaja jina. Baadaye nilijitetea kwa hilo, eti mi sikumtaja! Lakini nilinyamaza kwa makusudi, maana nilijua kimya kitasema vizuri kuliko mi.

Mara ya kwanza Zakaria alipoonekana, watoto wake walishangilia. Kikapita kivuli. Ukapita mkono. Shangwe ikaanza kukatika, upande huu, upande ule. Alipoingiza mkono chini ya koti, mtu mmoja akasema polepole kabisa, "Kumbe ni yeye."

Tochi ikawaka, ikammulika Zakaria usoni. Amekaa mdomo wazi, anatazama kitambaa. Hakusema "uongo". Mama mkwe wake akasimama, akajifunika mgolole kichwani, akaondoka kwenye giza bila kumtazama.

Hakuna aliyempiga. Ingekuwa nafuu wangempiga, kidonda kinapona! Walimwacha. Jumbe alimtoza mbuzi kwa kuwaletea watu wa Igowole aibu. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, wakamwambia apumzike kwanza. Chai yake haikunyweka tena. Shemeji zake wakaja wakamchukua dada yao na watoto, wakasema hawakuoza kwa mwizi. Ushahidi ulikuwa nini? Tumeona kwa macho yetu. Na kweli waliona! Nani Igowole alikuwa amewahi kudanganywa na picha?

Hayo yote nilikuja kuyasikia baadaye. Kesho yake sisi tulikuwa njiani kwenda Iringa, mi naimba. Asegelile anaendesha. Tukasimama kupoza injini, akasema, "Bwana mdogo, unajua kutengeneza. Hata mimi nilikaribia kuamini."

"Kuamini nini, kaka?"

Akatazama barabara.

"Kaka. Kuamini nini?"

"Ule ulanzi wa Igowole, ile pombe yao ya mianzi," akasema. "Sisi kwetu hatukuuzoea. Niliuona mtamu kama maji ya sukari. Nikatoa lenzi niifute, mkono ukateleza, ikapiga jiwe. Vipande nimevitupa kwenye mianzi."

"Na mtu wa chai?"

"Mi nilisema alikuwa nyuma ya lori. Si alikuwepo? Alikuja kuchukua vikombe vyake. Sikusema kaiba. Wewe ndiye uliyesema."

Nilipiga ngumi mlango wa lori mpaka mkono ukavimba. Nililia mbele yake. Nikamwambia geuza lori! Akasema, "Nikigeuza, kazi sina. Una pa kwenda wewe? Mi sina." Na mi, mwenye maneno mengi, mwenye kukamata watu kola, nikapanda nikakaa kimya mpaka Iringa. Kwa sababu ni kaka yangu. Kwa sababu ya viatu! Lo, aibu gani hii!

Nilikaa kimya msimu mzima wa mvua. Nilikuwa najiambia, watasahau.

Tuliporudi Igowole tena, hata kitambaa hatujakitundika, watu wakaanza. "Tuwekeeni ile ya mwizi! Ile ya Zakaria!" Watoto wanacheza, mmoja amevaa koti la baba yake linaburuta chini, ananyata, wenzake wanamfukuza, "Zakaria! Zakaria!" Hoteli imepigiliwa misumari mlangoni.

Usiku ule sikuchekesha mtu.

Picha zilipokwisha nikashika kipaza sauti, nikawaambia, "Sikilizeni. Ile picha ya lenzi ni uongo. Nimeitengeneza mi. Kivuli ni changu, mkono ni wangu. Zakaria alificha mkate usilowe." Na kile kipande chenyewe cha mkate nilikuwa nimekitoa kwenye kopo, nikakiunga kama kilivyopigwa, nikawaonyesha. Zakaria anatoka, anatazama juu, mkate huo, chini ya koti, mbio.

Wakatazama. Mtu mmoja mbele akasema, "Hiyo ni siku nyingine."

"Ni siku ile ile! Ni picha ile ile!"

"Basi lenzi kaiba nani?"

Nikageuka. Asegelile ameinamia mashine, anafungafunga kitu kisichohitaji kufungwa. Hakuinua kichwa. Sekunde ile nilikuwa na ukweli mdomoni, jamani, nilikuwa nao!

Nikasema, "Niliivunja mi."

Nikaongopa tena! Na uongo wangu huo ulionekana, maana uwanja mzima ulicheka. "We siku ile ulikuwa unatundika kitambaa, tulikuona!" "Kahongwa asali na Zakaria huyo!" "Rudisha ile ya kivuli!" Ile niliyounga kwa gundi waliiamini. Niliyosema kwa mdomo wangu, kwa kuwa niliweka tone la uongo la kumficha kaka, wakayatupa yote, na ukweli wake ndani.

Kesho yake sikupanda lori. Nilimwambia Asegelile, "Kaka, ahsante kwa viatu." Nikaenda kwa miguu upande wa Mgololo, nilikoambiwa Zakaria anapasua mbao.

Nilimkuta kwenye shimo la msumeno, yuko chini, vumbi la mbao limemjaa kichwani. Nikaamkia, "Kamwene." Akaitikia kabla hajanitambua. Aliponitambua hakupanda juu. Tukaongea hivyo hivyo, mi juu ukingoni, yeye shimoni.

Nikamwambia yote. Safari hii sikuacha kitu. Ulanzi, jiwe, mianzi, jina la Asegelile, stoo, taa sakafuni, kila kipande na mahali nilipokikata. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane!

Akaniuliza, "Kwa hiyo mi sikuiba."

"Hukuiba, kaka Zakaria. Unajua mwenyewe hukuiba."

Akatikisa kichwa. "Nilikuwa najua. Halafu nikajiona. Ni mimi yule, koti langu, mkono wangu. Usiku nikawa nalala nawaza, labda nilichukua nikasahau. Labda kuna kitu kiliniingia. Nimemwomba Mungu anisamehe kwa hiyo lenzi, kijana. Mara nyingi."

Nilikaa chini. Mtu asiye na kosa anatubu, kwa sababu ya gundi yangu!

Akaniambia, "Nenda kwa mama mkwe wangu. Mwambie yeye. Usiende na mashine."

Nikaenda. Mama yule alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, na mke wa Zakaria amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Nilisema vizuri. Nadhani sijawahi kusema vizuri hivyo. Nilipomaliza, mama akanitazama sana.

"Kijana, ile picha uliitengeneza wewe?"

"Ndiyo, mama. Kwa mikono yangu."

"Nami niliiamini."

"Ndiyo, mama."

"Na haya unayoniambia leo, nitajuaje hukuyatengeneza?"

Mke wa Zakaria aliingia ndani, akafunga mlango polepole.

Sasa nabeba mizigo tena sokoni Mbeya. Siuonei aibu mzigo. Naionea aibu mikono inayoubeba.

Nyie vijana wenzangu mnaojifunza kamera na kukata filamu, mnaopenda vivuli na makoti kama nilivyopenda mi, nawaomba, nawashika miguu! Msichukue uso wa mtu aliyewaamini akakaa mbele ya kamera, mkaupeleka mahali ambapo mwenyewe hajawahi kwenda. Mtengenezee jambazi kofia, mpe jina la kubuni, mweke mwenzio aigize, watu wajue ni mchezo. Na ukiwa na hasira, weka wembe chini. Na ukimpenda mtu, usimpende mpaka ukaacha kumuuliza, "Kaka, ni kweli?" Mi sikuuliza. Ningeuliza mara moja tu, pale pale nyuma ya lori!

Na kama kuna mtu wa Igowole amelishika gazeti hili, namwomba kitu kimoja. Ampelekee mama yule, mwenyewe hajui kusoma. Mi hataniamini, lakini wewe ni mtu wa kwao. Msomee taratibu, na mke wa Zakaria akiwepo. Msomee na pale ninapoonekana mpumbavu, na pale nilipoongopa mara ya pili. Msomee yote, usiruke hata mstari.